Jinsi ya kuufuata mchoro wa Mwanakondoo wa Ghent na nyayo za ndugu Van Eyck

Wageni wengi wanaokwenda Ghent, Ubelgiji, kuuona mchoro wa Kuabudiwa kwa Mwanakondoo huutazama kwa dakika kumi, wakapiga picha, wakatoka. Si kwamba mchoro umewachosha. Wameanzia mahali pasipofaa. Kazi hii ilichorwa kwa ajili ya kikanisa kimoja mahususi, chenye dirisha upande wa kulia, na iliundwa kwa mbao kadhaa zilizounganishwa kwa bawaba ili ifungwe na kufunguliwa. Anayeelewa hayo mawili kabla ya kuingia huona mara tatu zaidi ya mwenzake, na hata miji mingine inayohusika (Bruges, Antwerp, Maaseik) humletea maana.

Kwanza mambo machache ya kuweka kichwani. Walioagiza ni Joos Vijd, tajiri wa Ghent, na mkewe Elisabeth Borluut. Aliyeanza kazi ni Hubert van Eyck, ambaye alifariki tarehe 18 Septemba 1426. Aliyeimaliza ni mdogo wake Jan, na ikazinduliwa tarehe 6 Mei 1432. Tunayajua haya kwa sababu yameandikwa kwenye fremu zenyewe, kwa shairi fupi la Kilatini linalosema Hubert hakuwa na mpinzani na Jan alikuwa wa pili katika sanaa. Ukijumlisha herufi za mstari wa mwisho zinazohesabika kama namba za Kirumi, unapata 1432. Nani hasa alichora ubao upi, wataalamu wamebishana kwa zaidi ya karne moja na bado hawajakubaliana. Mtu akikuonyesha kwa uhakika alipochora Hubert na alipochora Jan, msikilize kwa adabu tu.

Kabla ya kusafiri

Kuna tovuti ya bure iitwayo Closer to Van Eyck, ambako kila ubao umepigwa picha kwa ukubwa unaokuwezesha kuona nyufa za rangi. Jipe jioni moja. Usijaribu kutazama kila kitu: chagua mambo matano au sita, uyatafute ukifika. Ukivikuza vito vinavyofunga joho la malaika waimbaji, utakuta kimoja chenye mng'aro wa dirisha ndani yake. Mikono ya Adamu ni myeusi kuliko mwili wake, kama ya mtu aliyevua nguo baada ya kushinda juani. Mambo kama hayo ukiwa kanisani bila maandalizi huyaoni, kwa sababu mchoro ukifunguliwa una upana wa zaidi ya mita 4.5 na urefu wa karibu mita 3.5, na mbao za juu ziko mbali na macho.

Kwa hiyo beba darubini ndogo ya mkononi. Ya mara 8 inatosha, ila hakikisha inaweza kulenga kitu kilicho karibu. Darubini nyingi za kutazamia ndege wa mbali hushindwa kulenga kitu kilicho mita mbili au tatu, na hapo hugeuka mzigo mtupu.

Jambo la pili la kuangalia mapema ni urejeshaji. Tangu 2012 taasisi ya taifa ya urithi wa sanaa, KIK-IRPA, imekuwa ikiusafisha mchoro kwa awamu. Awamu ya kwanza ilihusu pande za nje za mabawa, yaani mbao za pembeni zinazofunga mchoro kama milango, ikaisha 2016. Ya pili ilihusu mbao za chini za ndani, ikaisha 2019. Ya tatu, inayohusu mbao za juu za ndani, ilianza 2023. Awamu inapoendelea, baadhi ya mbao huwa hazipo kanisani bali katika Jumba la Sanaa la Ghent, MSK, ambako warejeshaji hufanya kazi nyuma ya kioo. Soma tangazo la kanisa kuu kabla ya kulipia tiketi, ujue ubao upi uko wapi siku yako. Asiyefanya hivyo huweza kusimama mbele ya nakala akidhani ni ubao wenyewe.

Tiketi na kufika

Kuingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo ni bure. Kuuona mchoro ni kwa tiketi, na tiketi ina saa yake. Ikate mtandaoni siku kadhaa kabla, hasa kama unakwenda Jumamosi au wakati wa likizo za shule. Chagua saa ya kwanza ya asubuhi au ya mwisho ya jioni. Katikati ya mchana makundi ya watalii hujaa mbele ya kioo na waongozaji wao husema kwa pamoja. Jumapili asubuhi ni wakati wa ibada, wageni wa mchoro husubiri mchana. Sikukuu kubwa za Kanisa nazo hubadili ratiba.

Tiketi ziko za aina mbili. Moja ni ya mchoro peke yake. Nyingine huanzia kripti, yaani kanisa la chini lililojengwa karne ya 12, ambako unavalishwa miwani ya kidijitali inayokuonyesha historia ya mchoro ukiwa unatembea. Kwa anayeanza kabisa, miwani inasaidia. Aliyekwisha kusoma nyumbani afadhali achukue tiketi ya kawaida na kuutumia muda wote mbele ya mbao zenyewe.

Ghent ina stesheni mbili, na hapa wengi hupoteza nusu saa. Treni za kutoka Brussels na Bruges husimama Gent-Sint-Pieters, kusini mwa mji. Kutoka hapo ni tramu ya kuelekea Korenmarkt, au kutembea kama nusu saa. Treni nyingi za kutoka Antwerp hupita kwanza Gent-Dampoort, ambayo iko karibu zaidi na kanisa kuu: dakika 20 kwa miguu au chini yake. Ukitokea Antwerp shuka hapo. Treni za ndani ya Ubelgiji hazihitaji kukata nafasi ya kiti, hivyo ukikosa moja unapanda inayofuata. Masanduku makubwa yaache ulikofikia, maana kanisani hayafai.

Ndani ya kanisa: fuata mpangilio huu

Anza na kikanisa cha Vijd. Ni kimoja kati ya vikanisa vidogo vinavyozunguka nyuma ya altare kuu, upande wa kusini. Mchoro haumo tena. Ulitolewa humo mwaka 1986 kwa ajili ya usalama. Lakini humu ndimo ulimowekwa 1432. Simama ukitazama mashariki, mahali altare ilipokuwa. Dirisha liko kulia kwako. Kumbuka mwanga unakotoka, kisha nenda.

Sasa mchoro wenyewe, ambao tangu Machi 2021 umo ndani ya kabati la kioo lenye urefu wa mita 6, katika Kikanisa cha Sakramenti, sehemu hiyohiyo ya nyuma ya kanisa. Usikimbilie mbele. Zunguka nyuma kwanza, utazame pande za nje za mabawa. Hivi ndivyo mchoro ulivyoonekana siku za kawaida ulipokuwa umefungwa: rangi zimepoa, kijivu na kahawia. Chini wamepiga magoti Joos na Elisabeth, na kati yao wamesimama Yohane Mbatizaji na Yohane Mwinjili waliochorwa waonekane kama sanamu za mawe. Juu yao malaika Gabrieli anampasha Maria habari. Tazama sakafu ya chumba hicho: kuna vivuli vya fremu, ambavyo Jan amevichora kana kwamba fremu halisi za mbao zinazuia mwanga unaotoka kulia. Ni mwanga wa lile dirisha ulilotoka kulitazama. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini kikanisa kinatangulia.

Halafu zunguka mbele. Rangi zinakupiga usoni, na ndivyo ilivyokusudiwa: mchoro ulifunguliwa siku za sikukuu tu. Anza chini katikati. Mwanakondoo amesimama juu ya altare, damu inatiririka kifuani kuingia kwenye kikombe, na mbele yake kuna chemchemi ya maji ya uzima. Makundi yanamkaribia kutoka pande nne. Mtazame uso. Kwa karne nyingi watu waliona uso wa kondoo wa kawaida, uliochorwa juu ya ule wa awali na mikono ya baadaye, pengine katika matengenezo ya 1550. Usafishaji wa miaka ya 1950 ulifichua masikio ya zamani bila kuyaondoa ya baadaye, na kwa miongo kadhaa Mwanakondoo akawa na masikio manne. Awamu ya pili ndiyo iliyouondoa uso wa juu. Uliobaki una macho yanayotazama mbele moja kwa moja, karibu kama ya binadamu, na watu wengi walishtuka walipouona. Sisi tunauona huu una nguvu zaidi, kwa sababu unakutazama wewe.

Kushoto kabisa, chini, ni ubao wa Majaji Waadilifu. Huu si wa Van Eyck. Ule wa asili uliibwa usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili 1934 pamoja na ubao wa Yohane Mbatizaji uliokuwa mgongoni mwake. Unaouona ni nakala ya Jef Van der Veken, aliyempa mmoja wa majaji sura ya Mfalme Leopold wa 3. Weka darubini, ulinganishe na Mashujaa wa Kristo walio jirani: kwenye silaha za chuma za ubao wa asili mng'aro una tabaka, mwanga unaingia ndani ya rangi na kurudi. Van Eyck alipaka rangi za mafuta zenye kupenyeza mwanga, tabaka jembamba juu ya jingine, na chini kabisa pakiwa na chokaa nyeupe iliyochanganywa na gundi, juu ya mbao za mwaloni. Weupe huo ndio unaowaka kutoka chini.

Safu ya juu ina Mungu katikati, Maria na Yohane Mbatizaji kando yake, malaika waimbaji na wapiga vyombo, kisha Adamu na Hawa mwishoni. Kama Adamu yupo siku yako, tazama mguu wake wa kulia. Unyayo unaonekana kwa chini, kana kwamba anataka kukanyaga nje ya fremu, maana mchoraji alijua mtazamaji atasimama chini yake. Uchi wao uliwatia watu aibu baadaye: mwaka 1861 mbao hizo zilihamishiwa kwa serikali ya Ubelgiji, zikakaa kwenye makumbusho ya Brussels, na kanisani zikawekwa nakala za Victor Lagye zenye Adamu na Hawa waliovishwa ngozi. Nakala hizo bado zinatunzwa kanisani. Waulize wahudumu zilipo, zinachekesha na kufundisha kwa pamoja.

Jipe saa nzima. Ukipiga picha zima mwanga wa simu, na simama upande kidogo badala ya katikati, vinginevyo kioo kitarudisha sura yako mwenyewe. Picha nzuri kuliko zako ziko kwenye ile tovuti, kwa hiyo usiutumie muda wako huko.

Kabla ya kutoka, mtazame mchoraji Rubens: ana mchoro mkubwa humu wa Mtakatifu Bavo akipokewa katika utawa. Haumhusu Van Eyck, ila upo njiani.

Ghent ya nje

Kando ya kanisa kuna mnara wa kumbukumbu wa ndugu wawili, kazi ya Geo Verbanck ya mwaka 1913. Dakika chache kutoka hapo ni jumba la mji, ambako Wakalvini, Waprotestanti waliopinga picha na sanamu makanisani, waliuhifadhi mchoro baada ya kuitwaa Ghent mwaka 1578. Miaka 12 kabla ya hapo, wavunja sanamu walipovamia, mbao zilikuwa zimepandishwa na kufichwa kwenye mnara wa kanisa. Tazama juu ukiwa uwanjani: ni ngazi nyembamba, na mbao za mwaloni si nyepesi.

Karibu na jumba la mji pia kuna kiwanja kidogo cha Kalandeberg. Mwaka 2018 ilidaiwa hadharani kwamba Majaji Waadilifu wamezikwa chini yake. Hakuna kilichopatikana. Mshukiwa mkuu wa wizi, Arsène Goedertier wa Wetteren, alifariki Novemba 1934 baada ya kudai kuwa yeye peke yake ndiye anayejua ubao ulipo. Ubao wa Yohane ulirudishwa mapema kama ushahidi kwamba mwizi ndiye aliyekuwa nazo mbao, ukachukuliwa kutoka sehemu ya mizigo ya stesheni ya Brussels Kaskazini. Wetteren iko dakika chache kwa treni, lakini hakuna cha kuona huko kinachostahili kukukosesha Bruges.

MSK iko ndani ya bustani ya Citadelpark, robo saa kwa miguu kutoka Gent-Sint-Pieters. Jumatatu imefungwa. Ukitaka kuwaona warejeshaji, nenda siku ya kazi. Wikendi meza zao huwa tupu.

Bruges: alikoishi Jan

Treni kutoka Ghent huchukua chini ya nusu saa. Jan aliingia utumishi wa Philip Mwema, mtawala wa Burgundy, mwaka 1425, na mwaka 1428 alitumwa Ureno kumchora binti mfalme Isabella ambaye Philip alitaka kumwoa. Aliporudi alihamia Bruges, akaishi huko hadi alipofariki 1441.

Anzia Groeningemuseum, kama dakika 20 kwa miguu kutoka stesheni. Angalia kwanza siku wanayofunga, maana makumbusho ya Bruges hayafuati utaratibu wa Ghent. Unachokitafuta ni michoro miwili. Wa kwanza ni Bikira Maria na padre Joris van der Paele, wa 1436. Mchoro huu hauko juu kama wa Ghent. Unasimama nao uso kwa uso, na hapa ndipo unapoona kwa karibu yale uliyoyakisia kwa darubini. Tazama nyuzi za zulia, mishipa ya kipaji cha padre, na silaha za Mtakatifu George, ambamo mna taswira ndogo ya mtu iliyoakisiwa. Wa pili ni sura ya Margaret, mke wa Jan, wa 1439. Fremu yake inasema kwamba mumewe aliumaliza tarehe 17 Juni, naye akiwa na miaka 33.

Baadaye nenda kiwanja cha Burg. Kanisa la Mtakatifu Donatian, lililowekewa mchoro wa Van der Paele na ambako Jan alizikwa, lilisimama hapa hadi lilipobomolewa 1799. Tafuta mfano mdogo wa kanisa hilo chini ya miti. Kaburi halipo, usipoteze muda kuuliza. Kutoka hapo tembea hadi Jan van Eyckplein penye sanamu yake ya 1878, kisha uvuke kaskazini hadi Gouden-Handstraat, mtaa aliokuwa na nyumba. Nyumba yenyewe haipo tena, ila mtaa ni mtulivu na maji ya mfereji yako jirani.

Antwerp na Maaseik

Antwerp ni kwa anayetaka kuelewa ufundi. Katika KMSKA, jumba la sanaa lililofunguliwa upya Septemba 2022, kuna Mtakatifu Barbara wa 1437. Ni mchoro wa brashi nyembamba juu ya chokaa nyeupe, rangi ikiwa imeguswa kidogo tu. Hapo unaona mistari ya aina ile iliyo chini ya rangi za Ghent. Jirani yake ni Bikira Maria wa Chemchemi wa 1439, mdogo kama kiganja cha mkono.

Maaseik, mkoani Limburg karibu na mpaka wa Uholanzi, ndiko wanakosemekana kuzaliwa ndugu hawa. Haina stesheni ya treni: unafika Genk au Hasselt kisha unapanda basi, na safari ya kwenda na kurudi hula siku nzima. Utaona sanamu ya ndugu wawili katika uwanja wa soko, iliyowekwa 1864, na mji mdogo wa matofali. Livina, binti wa Jan, aliingia utawa huko mwaka 1450, na hilo ni moja ya mambo machache yanayoifunga familia na mji huu. Asiye na siku ya ziada aiache Maaseik bila majuto.

Kwa anayeendelea hadi Austria

Mchoro huu umesafiri kuliko wengi wetu. Wafaransa walichukua mbao za katikati mwaka 1794 hadi Paris, zikarudi 1815. Mabawa yaliuzwa 1816 yakaishia Berlin, ambako mwaka 1894 mbao zilipasuliwa kwa msumeno ili nyuso zote mbili zionekane kwa pamoja. Yalirudishwa kwa mkataba wa Versailles, baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1940 mchoro wote ulipelekwa Pau, kusini mwa Ufaransa, ukachukuliwa na Wanazi hadi ngome ya Neuschwanstein, kisha mgodi wa chumvi wa Altaussee.

Kati ya hayo yote, Altaussee ndio wa kutembelea. Unafika kwa treni hadi Bad Aussee, halafu basi. Mgodi huingiwa kwa ziara yenye mwongozaji tu, kwa hiyo angalia saa za ziara kabla ya kupanda treni, hasa majira ya baridi zinapopungua. Ndani ni takriban nyuzi 8 mwaka mzima hata kukiwa na jua kali nje. Vaa sweta na viatu visivyoteleza. Utaonyeshwa mahali kazi za sanaa zilipohifadhiwa, na habari za masanduku manane yaliyoandikwa kuwa yana marumaru, yakiwa na bomu la kilo 500 kila moja. Wachimbaji waliyatoa nje Mei 1945, na mchoro ukarudi Ubelgiji mwaka huohuo.